Rubani wa akiba Marekani: unalipwaje usiporuka?

Mwezi wangu wa kwanza kwenye akiba, yaani kukaa tayari kuitwa safari inapokosa rubani, niliruka saa 31 tu. Siku nyingine nilikaa kwenye chumba cha kupanga karibu na uwanja wa ndege, begi limefungwa, shati limepigwa pasi, simu mezani. Mama akapiga, akauliza, "Sasa mwanangu, usiporuka watakulipa nini?" Nikamtuliza kwa ujasiri ambao mwenyewe sikuwa nao. Slipu ilipotoka ilikuwa imeandikwa saa 75. Nikadhani mtu wa mishahara amekosea, nikanyamaza nisije nikamwamsha. Kumbe hakukosea.

Ndugu yangu unayeanza kazi kwenye shirika la ndege huku, utaanzia akiba, labda uwe na bahati ya ajabu. Ratiba hugawanywa kwa ukongwe: aliyeajiriwa kabla yako anachagua kabla yako, na wanaobaki mwishoni bila safari zao maalumu ndio wanaokaa benchi. Uzoefu uliokuja nao kutoka kwingine hausogezi namba yako kwenye orodha hata hatua moja. Liudhi lisiudhi, ndivyo lilivyo.

Sasa hela. Rubani hapa hulipwa kwa saa, na saa hizo huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka langoni hadi inapoegeshwa. Saa mbili ulizosimama kwenye foleni ya ukaguzi, na lile saa zima la kusubiri fundi, mara nyingi hazimo. Ingekuwa hivyo tu, rubani wa akiba angekufa njaa. Ndiyo maana mkataba kati ya chama cha marubani na shirika humwekea kima cha uhakika: idadi ya saa atakazolipwa kwa mwezi hata kama simu haikulia. Kwenye mikataba mingi kima hicho kiko saa sabini na kitu. Tuseme ni 75 na kiwango chako ni dola 100 kwa saa, ili hesabu iwe nyepesi. Ukiruka saa 31 unapata dola 7,500. Ukiruka 52, dola 7,500. Ukiruka 81, dola 8,100.

Hapo ndipo wengi wanaposimama, na hapo ndipo pesa inapopotea. Swali la kujiuliza kwa kila kitu unachofanya ni hili: kinaingia ndani ya kima au kinakaa juu yake? Kikiingia ndani, na mwezi wako ni mwembamba, umefanya kazi ya bure. Kikikaa juu, unakipata hata kama uliruka saa tatu tu mwezi mzima.

Nitakupa mfano ulionipata mimi. Simu ililia alfajiri ya siku yangu ya mapumziko. Mpangaji wa zamu alikuwa na safari ya saa tano na nusu haina mtu, na mimi, kijana mgeni mwenye hamu ya kuonekana mchapakazi, nikakubali. Mwezi ule nilikuwa na saa 52 nyingine. Kwa mkataba wetu, kazi ya siku ya mapumziko hulipwa mara moja na nusu, juu ya kima. Kwa hiyo 5.5 mara 1.5 ni saa 8.25, jumlisha na 75, nilitakiwa kulipwa 83.25. Lakini kwenye mfumo safari ile iliingizwa kama kazi ya kawaida. Ikawa 52 na 5.5, jumla 57.5, bado chini ya 75, na slipu ikatoka na saa 75 kamili. Kwa mtu asiyehesabu, slipu ile ilikuwa safi kabisa. Dola 825 zilikuwa zimeyeyuka bila mtu kuiba chochote.

Usitegemee sheria ya nchi ikuokoe hapo. Binamu yako anayefanya kazi ghalani analipwa mara moja na nusu akipita saa 40 kwa wiki, kwa sababu sheria ya kazi ya shirikisho inasema hivyo. Wafanyakazi wa mashirika ya ndege walio chini ya Railway Labor Act, sheria ya kazi ya reli na ndege, wameondolewa kwenye kifungu hicho. Malipo ya ziada utakayopata ni yale yaliyoandikwa kwenye mkataba tu. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1926 kwa ajili ya reli na ikapanuliwa kwa ndege mwaka 1936, na ina tabia moja ya kuijua: mkataba wenu haufi tarehe yake ikifika. Unaendelea hadi mwingine upatikane, hata mazungumzo yachukue miaka. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema "mkataba umekwisha", usiache kuufuata.

Tafuta kitabu chenyewe cha mkataba. Marubani wa Delta na United wako chini ya chama kiitwacho ALPA, wa American wana APA, wa Southwest wana SWAPA, na kila shirika lina kitabu chake. Usikubali maelezo ya rafiki wa shirika jingine, hata kama chama ni kimoja. Nenda moja kwa moja kwenye sura ya akiba na ile ya malipo, uzisome pamoja, maana moja hutaja kanuni na nyingine hutaja bei yake. Angalia pia kusafirishwa kama abiria kwenda kuchukua ndege, siku za mafunzo, na safari iliyofutwa ukiwa umeshafika uwanjani. Kila mkataba una bei yake kwa mambo hayo.

Akiba yenyewe ina sura mbili kuu. Kuna wito mrefu, ambapo unapewa saa nyingi za kujiandaa na unaweza kukaa nyumbani kwako hata kama ni jimbo jingine. Kuna wito mfupi, ambapo unatakiwa ufike kwa muda wa kama saa mbili hivi. Mara nyingi kima ni kilekile kwa wote wawili, kwa hiyo wito mrefu ni mshahara uleule pamoja na maisha yako mwenyewe, na ndiyo maana wakongwe wa akiba hukimbilia huko. Ukiishi mbali na kituo chako na ukapangiwa wito mfupi, kodi ya kitanda karibu na uwanja inatoka mfukoni mwako. Iondoe kabla hujaanza kujisifu kwa mshahara.

Kanuni za uchovu ni za serikali, hazihusu hela, ila zinakugusa. Kanuni ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iitwayo Part 117 ilianza Januari 2014, miaka michache baada ya ajali ya 2009 karibu na Buffalo iliyoua watu 50. Inasema kipindi cha wito mfupi kisizidi saa 14, upate saa 10 za kupumzika kabla yake, na ndani ya kila saa 168 uwe na saa 30 mfululizo za kuwa huru kabisa. Ukisema umechoka huwezi kuruka, hawaruhusiwi kukupangia. Utalipwa au hutalipwa siku hiyo? Hilo rudi kwenye mkataba.

Ugonjwa nao una hesabu yake. Kima cha uhakika si sadaka, ni malipo ya kupatikana kwako, na usipopatikana kinakatwa kwa siku. Mwezi wenye siku 18 za akiba na kima cha 75, kila siku ina thamani ya saa 4 na dakika 10. Ukikosa siku tatu, hizo ni saa 12.5, yaani dola 1,250 kwa mfano wetu. Kama una saa za ugonjwa ulizolimbikiza, zinafidia. Mgeni hana nyingi. Na hapo kuna mtego mdogo: ratiba huandika saa na dakika, slipu huandika desimali. 4:10 kwenye ratiba ni 4.17 kwenye slipu, na 5:30 ni 5.50. Nimeona watu wazima wakigombana na ofisi ya mishahara kwa jambo hilo.

Mashirika mengi hulipa mara mbili kwa mwezi, malipo ya kwanza yakiwa kama karadha ya nusu ya kima, ya pili yakiwa ndiyo hesabu kamili. Usitafute makosa kwenye ya kwanza. Ukienda kupanga nyumba au kuomba mkopo, onyesha kima, si mwezi ule mmoja uliovuna.

Posho ya safari ni kitu kingine tena, huhesabiwa kwa kila saa ukiwa mbali na kituo, hata ukiwa umelala hotelini. Ile ya safari za kulala nje kwa kawaida haikatwi kodi ikiwa ndani ya viwango vya serikali. Ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo mara nyingi hukatwa. Na kuhusu kodi ya jimbo, usiogope kwamba kila jimbo unalotua litakudai. Sheria ya shirikisho inasema rubani anayefanya kazi katika majimbo mawili au zaidi hutozwa na jimbo analoishi, na lile tu ambalo anapatia zaidi ya nusu ya kipato chake. Mwambie mtu anayekujazia fomu, wengine hawajui.

Weka daftari. Kila simu: tarehe, saa, jina la aliyepiga, alichosema, ulichojibu. Andika kwa saa ya kampuni, 0440, wala usiandike "saa kumi na dakika arobaini alfajiri". Kiswahili chetu kitamu kitakuchanganya mwenyewe miezi miwili baadaye. Ukiona upungufu, mpigie mwakilishi wa chama kwenye kituo chako haraka, kwa sababu malalamiko rasmi yana ukomo wa siku. Mwaka wa kwanza ni wa majaribio na wengi wanaogopa kufungua mdomo. Kudai ulichoandikiwa si utovu wa nidhamu, na madai mengi humalizika kwa barua pepe mbili.

Zile saa 8.25 zangu zilirudi hivyo. Zilikaa mstari wa mwisho kabisa wa slipu ya mwezi wa tatu, bila maelezo, bila samahani.