Unaishi Minnesota? Hivi ndivyo utajua uko kwenye ardhi ya akina nani, kwa simu tu

Mimi niko Minneapolis mwaka wa kumi na moja sasa, na kila Jumamosi mchana nafundisha watoto wetu Kiswahili kwenye ukumbi wa kanisa, watoto wa Kenya, wa Bongo, wa Kongo, wote darasa moja. Siku moja tulikuwa tunasoma kuhusu Nairobi kabla ya reli, nikawaambia pale palikuwa malisho ya Wamaasai, kijana mmoja wa miaka kumi na mbili akauliza, sasa mwalimu, na hapa tulipo palikuwa pa nani? Nikamjibu Dakota, wenyeji wa asili wa hapa, halafu nikanyamaza maana zaidi ya hilo jina sikuwa na kitu, miaka yote hiyo nakula, nalala na kufanya kazi kwenye ardhi ya watu na sijui hata salamu yao. Tulifungua simu palepale. Tangu siku hiyo nimefanya zoezi hili mara nyingi, na wazazi pia, na nimeona wapi watu wanakwama, kwa hiyo nawaandikia vile tunafanya. Ukiwa Toronto au Seattle utabadilisha mji tu, njia ni ileile.

Hatua ya 1: Fungua ramani, andika mtaa wako

Nenda native-land.ca. Ni ya Native Land Digital, ilianzishwa 2015 na Victor Temprano huko Kanada, siku hizi ni shirika lisilo la faida linaloongozwa na wenyeji wa asili wenyewe, na ni bure. Kwa simu inafunguka vizuri ila kama una kompyuta tumia kompyuta, kwa sababu zile rangi zimepandana na kidole kwenye skrini ndogo kinagusa kitu kingine kabisa.

Kwenye kisanduku cha kutafuta andika jina la mji au zipukodi yako. Simu ikiomba ruhusa ya kujua uko wapi, mimi huwa nakataa, zipukodi inatosha.

Ukiandika Minneapolis utaona vipande vya rangi vimelaliana, gusa kimoja yatatokea majina. Moja litakuwa Očhéthi Šakówiŋ. Usiliruke kwa sababu ni gumu kutamka! Maana yake ni Mioto Saba ya Baraza, ule muungano ambao Wadakota na Walakota wamo ndani. Kila jina lina linki, zifungue kwenye tabo mpya na uziache hapo, tutazirudia.

Hatua ya 2: Zima majina ya kawaida

Ukikuta swichi ya majina ya miji na majimbo, izime. Ukishazima, mpaka wa Minnesota na Wisconsin unapotea, mpaka wa Kanada nao unapotea, unabaki na mito na maziwa na zile rangi. Waache watoto waangalie dakika mbili tatu bila kuwaambia kitu. Darasani kwangu wa kwanza kusema kitu alikuwa binti wa Bukavu, akasema kumbe rangi inafuata maji. Na ni kweli, watu walikaa kufuata maji, hiyo mistari iliyonyooka kama rula ilikuja baadaye.

Hatua ya 3: Leya ya lugha, na hapa msiwe na haraka

Ramani ina leya tatu, yaani tabaka unazowasha na kuzima: maeneo, lugha na mikataba. Zima maeneo, washa lugha. Kwa eneo letu utakutana na Kidakota, na ukisogea kaskazini unaingia kwa Waojibwe, ambao wenyewe wanajiita Anishinaabe. Minnesota ina mataifa ya wenyeji 11 yanayotambuliwa, 7 ya Anishinaabe na 4 ya Dakota, kwa hiyo hatuongelei watu waliokwisha, wako, wana serikali zao, wana shule, na pengine unakaa nao ofisini na hujawahi kuuliza.

Sasa zoezi lenyewe. Chukua karatasi uandike majina haya moja chini ya lingine: Minnesota, Minneapolis, Minnehaha, Minnetonka. Waulize watoto kipande gani kinajirudia. Watakiona wenyewe. Hicho kipande ni mni, neno la Kidakota la maji. Minnetonka ni maji makubwa, Minnehaha ni maporomoko ya maji, na Minneapolis ni mni ya Kidakota iliyounganishwa na polis ya Kigiriki yaani mji, jina lililopendekezwa 1852 na mwalimu mmoja wa shule aliyeitwa Charles Hoag. Jina la jimbo zima linatoka kwa Mni Sota Makoce, na makoce ni nchi.

Siku tulipofika hapo mzazi mmoja ambaye kwao ni Kajiado alikuwa amekaa nyuma anasubiri mwanawe, akainua mkono kama mwanafunzi, akasema mwalimu, na Nairobi je? Enkare Nairobi. Enkare ni maji, nairobi ni baridi. Ukumbi ulitulia. Tumetoka mji ulioitwa kwa maji ya Wamaasai tukaja kukaa mji ulioitwa kwa maji ya Wadakota, na miji yote miwili ina watu wengi sana wanaolitaja hilo jina kila siku bila kumjua aliyelitoa.

Baada ya hapo msikie lugha kwa sikio, msiisome tu. Chuo cha University of Minnesota kina kamusi ya Kiojibwe mtandaoni, inaitwa Ojibwe People's Dictionary, na maneno mengi yana sauti za wazee wenyewe wanaoiongea. Tafuta nibi, ndiyo maji kwa Kiojibwe, gusa alama ya spika, rudieni pamoja. Hata Mississippi ni neno lililotoka Kiojibwe, mto mkubwa.

Hatua ya 4: Mikataba

Washa leya ya tatu. Hii ndiyo wazazi huniambia iliwakalisha mpaka usiku, na mimi pia.

Gusa sehemu unayoishi uone mkataba gani unahusika. Hapa kwetu kuna minne ya kukumbuka. Wa 1805, ambapo luteni Zebulon Pike alichukua eneo karibu na makutano ya mito kwa ajili ya kujenga ngome. Wa 1837, ambapo Wadakota waliachia ardhi yao ya mashariki ya Mississippi. Na ile miwili ya 1851, wa Traverse des Sioux na wa Mendota, ambayo ilikwenda na ekari kama milioni 24 kwa mkupuo. Kule Traverse des Sioux viongozi wa Dakota walisainishwa na karatasi nyingine ya pembeni, hawakuelezwa vizuri ni ya nini, kumbe inawapa wafanyabiashara haki ya kukata madeni yao kwenye pesa za ardhi kabla hazijawafikia wenyewe.

Ukijua hilo ndipo utaelewa 1862. Malipo yalichelewa, watu wakawa na njaa, vita vikalipuka mwezi wa Agosti, na tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 wa Dakota walinyongwa siku moja mjini Mankato. Watu kama 1,600, wengi wao kina mama, watoto na wazee, walifungiwa kwenye kambi chini ya ngome ya Fort Snelling majira yale ya baridi. Mwaka uliofuata bunge la Marekani likafuta mikataba yao na kuamuru watolewe Minnesota. Mtu akikuambia waliuza ardhi wakaondoka, una tarehe hizo za kumjibu.

Mimi huwa naweka hapo na mkataba wa kwetu. 1904 Waingereza waliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa kwenye sehemu mbili, Laikipia kaskazini na nyingine kusini, na maandishi yakasema itakuwa hivyo maadamu Wamaasai wapo duniani. Miaka saba tu, 1911, ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia. Walikwenda mahakamani 1913, mahakama ikasema mikataba ile si jambo inaloweza kuamua. Vijana wakiziona hizi mbili kwenye ukurasa mmoja huwa hawahitaji maelezo marefu kutoka kwangu.

Hatua ya 5: Sasa funga rangi, sikiliza wenyewe

Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni. Niliwaambia wanafunzi ule mstari ni mpaka, hapa Dakota, pale Ojibwe, kama kaunti. Mama mmoja Mdakota tuliyemwalika kuongea na watoto akanisahihisha kwa upole sana, akasema watu walipishana, walioana, walikosana, walitumia msitu mmoja kwa misimu tofauti, na rangi mbili kukaa pamoja si kosa la ramani, ndivyo maisha yalivyokuwa. Ramani yenyewe inakuambia kabisa kwamba si mipaka ya kisheria na ukitaka uhakika waulize wahusika. Isome hiyo taarifa kabla ya kuifunga, watu wengi wanaifunga tu.

Rudi kwenye zile linki ulizoacha wazi, ingia tovuti za mataifa yenyewe, soma wanavyojiita na wanavyojieleza. Halafu tafuta Bdote Memory Map. Hii ni ramani ndogo ya maeneo ya Dakota hapa hapa, ukigusa sehemu unapata Wadakota wanaongea, wanaeleza pale pana maana gani kwao. Hakuna rangi za kugawana pale, kuna watu.

Gusa Bdote kwanza. Ni neno la mahali mito inapokutana, na hapo ni Mto Minnesota unapoingia Mississippi. Wadakota wengi husimulia kwamba ndipo walipoanzia kama watu. Sasa vuta ramani karibu uone kuna nini ubavuni pake. Ni uwanja wa ndege. Ule ule tulioshukia sote na mabegi yetu, wengine na watoto mgongoni, tukipigwa na baridi ya kwanza, tulipita juu ya mahali patakatifu pa watu na ile kambi ya 1862 na hakuna aliyetuambia. Kila nikienda kumpokea mgeni sasa namwambia tukiwa bado kwenye gari.

Hatua ya 6: Igeuze ramani, tazama nyumbani

Usimalize bila hii, la sivyo watoto watadhani mambo haya ni ya Marekani peke yake. Kwa Afrika Mashariki nachanganya vyombo viwili. LandMark, landmarkmap.org, inaonyesha ardhi za jamii za asili dunia nzima. Glottolog ni ya lugha, kila lugha ina kinukta na msimbo wake, Kihadza ni hadz1240, Kisandawe ni sand1273. Kumbuka kinukta si eneo. Kiswahili chote nacho ni kinukta kimoja, na wewe unakiongea Minneapolis!

Anza na Wahadza, karibu na Ziwa Eyasi, lugha yao ina sauti za kubofya ulimi na haijulikani kuwa na ndugu mwingine yeyote. Kisha nenda msitu wa Mau, Kenya, kwa Waogiek. Walipopewa notisi ya kuondoka msituni 2009 kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Afrika, Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba Kenya ilivunja haki zao, na 2022 ikaamuru walipwe fidia. Nawapenda Waogiek kwa jambo moja zaidi. Kabla ya kesi hiyo, 2006, wazee wao walikusanyika Nessuit wakatengeneza ramani ya Mau ya mashariki kwa mikono, mfano mkubwa wa milima na mabonde, wakaujaza rangi, nyuzi na pini, hapa mizinga, hapa ukoo fulani. Hawakusubiri mtu awachoree.

Ila jamani tuwe makini. Kwetu mstari kwenye ramani unaweza kuchoma nyumba. Usipige skrinshoti ukaitupa kwenye grupu la WhatsApp la kijiji kuonyesha kwamba fulani ni wakuja, hasa karibu na uchaguzi. Ukitaka kujua zaidi mpigie bibi au babu aliye huko, muulize mto wa kwenu unaitwaje na jina hilo ni la lugha gani. Kazi ya nyumbani ya darasa langu ndiyo hiyo, na majibu yanayorudi, mengine ni ya lugha ambazo hata wazazi hawakujua ziliwahi kuongewa kwao.

Hatua ya 7: Nendeni Bdote

Ingia Fort Snelling State Park, gari linahitaji kibali cha hifadhi za jimbo, kinunue mapema. Acha gari, vuka daraja uingie Pike Island, fuata njia ya miguu mpaka ncha ya kisiwa. Masika kuna matope na maji hujaa mpaka njia inafungwa, nendeni Septemba. Pale mwisho utaona mito miwili inakutana, ule wa Minnesota una rangi ya udongo zaidi, na juu yenu ndege zinashuka moja baada ya nyingine. Watoto wasirushe mawe. Mkikuta vitambaa vimefungwa kwenye miti msiviguse, vimewekwa na watu wanaosali.