Bei ya maji inataka kupanda: jinsi ya kusoma tangazo la EWURA na kutoa maoni yenye uzito

Mamlaka ya maji ya mjini haiwezi kuamka asubuhi ikapandisha bei. Inapeleka ombi EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 (Sura ya 414) inaitaka EWURA ifanye taftishi kabla ya kupanga bei, yaani iwasikilize wanaoguswa. Tangazo linatakiwa litoke kwenye Gazeti la Serikali na kwenye gazeti la kila siku, litaje madhumuni, muda wa kupokea maoni na namna ya kuyawasilisha. Haki hiyo ipo na ni yako, hata kama umepanga chumba kimoja na bili inakuja kwa jina la mwenye nyumba.

Nimekaa na wenyeviti wa mitaa na kina mama wanaosimamia magati (vituo vya kuuzia maji kwa ndoo) tukichambua matangazo haya mstari kwa mstari. Wengi wanafika wakiwa na hasira ya haki kabisa, ila hasira hiyo haijageuzwa kuwa hoja ambayo bodi ya EWURA inaweza kuiandikia uamuzi. Mwongozo huu ni wa kuigeuza.

Hatua ya 1: Hakikisha jambo lenyewe ni la EWURA

Kama maji yako yanatoka mamlaka ya maji ya jiji, manispaa au mji, endelea kusoma. Kama uko kijijini na maji yanasimamiwa na chombo cha watumia maji (CBWSO) chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, bei yenu inapitia njia nyingine. Anzeni na mkutano wa chombo chenu na ofisi ya RUWASA ya wilaya. Zanzibar mdhibiti ni ZURA.

Hatua ya 2: Pata tangazo lenyewe

Picha iliyosambaa WhatsApp isikutoshe. Mara nyingi imekatwa pembeni, na kilichokatwa ndicho safu ya mwaka wa pili na wa tatu. Chukua tangazo kamili kwenye tovuti ya EWURA, kwenye gazeti, au kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mamlaka ya maji. Lichapishe kwenye karatasi. Kusoma jedwali la bei kwenye simu ndogo ni kujitafutia makosa.

Hatua ya 3: Zungushia tarehe

Kuna tarehe ya mkutano wa taftishi na kuna tarehe ya mwisho ya maoni ya maandishi. Ni mbili, na watu huzichanganya. Aliyekosa mkutano hudhani mlango umefungwa, kumbe bado anaweza kuandika. Zungushia zote mbili kwa kalamu, pamoja na anwani ya kupeleka maoni.

Hatua ya 4: Soma jedwali la bei mpaka lizungumze kuhusu bili yako

Hapa ndipo kazi ilipo. Tenga jioni nzima, leta bili za miezi michache iliyopita, daftari na kikokotoo. Mimi napenda daftari kuliko kompyuta kwa hesabu hii, kwa sababu siku ya mkutano utasimama na daftari mkononi na kila mtu ataona ulivyofika kwenye jibu.

Anza na kipimo. Bei imeandikwa kwa uniti. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, lita 1,000, ndoo 50 za lita 20. Andika hilo juu ya ukurasa kwa herufi kubwa. Familia inayotumia ndoo 8 kwa siku inatumia lita 160, na kwa siku 30 zinakuwa uniti 4.8.

Sasa tafuta kundi lako. Jedwali hugawa wateja: majumbani, taasisi, biashara, viwanda, magati. Mama lishe mwenye bomba nyumbani aangalie vizuri bili yake inasemaje, kwa kuwa huenda amewekwa kwenye biashara bila kujua, na ongezeko la kundi hilo si lile la majumbani.

Ndani ya kundi kuna madaraja ya matumizi, na hapa watu hupotea. Nitatumia bei za mfano tu, weka za kwenu:

Uniti 0 hadi 5: sasa Sh 1,200, mwaka wa kwanza 1,400, wa pili 1,600, wa tatu 1,800.
Zaidi ya uniti 5: sasa Sh 1,600; mwaka wa kwanza 1,900; wa pili 2,150; wa tatu 2,400.

Jambo la kwanza la kuangalia ni safu ya mwisho. Maombi ya bei kwa kawaida hufungamana na mpango wa biashara wa miaka mitatu ya fedha, kwa hiyo unachoombwa kukubali ni ngazi nzima. Kwenye mfano huu wasemaji watataja ongezeko la Sh 200, kama asilimia 17, na ni kweli kwa mwaka wa kwanza. Lakini kutoka 1,200 hadi 1,800 ni asilimia 50. Hoja yako iandike kwa kutumia namba ya mwisho, kisha utaje ya kwanza.

La pili: je, bei ya daraja la juu inahusu uniti zote au zile zilizozidi tu? Lisome tangazo kwa makini, na kama halisemi, uliza ofisi ya mamlaka kabla ya kuandika chochote. Tofauti ni kubwa. Njia nyingine ya kujua ni kuchukua bili yako ya zamani yenye uniti zaidi ya 5 na kuikokotoa kwa njia zote mbili. Itakayolingana na bili ndiyo inayotumika.

La tatu ndilo ninalolipigania kila mara, kwa sababu wapangaji wa uswahilini ndio wanaoumia na hakuna anayewasemea: mita moja, familia nyingi. Familia moja yenye mita yake na uniti 4.8 inalipa leo 4.8 × 1,200, yaani Sh 5,760. Familia tatu za aina hiyo hiyo kwenye mita moja zinatumia uniti 14.4. Tano za kwanza ni Sh 6,000, zilizobaki 9.4 kwa 1,600 ni Sh 15,040, jumla Sh 21,040. Gawanya kwa tatu: Sh 7,013 kila familia. Maji yale yale, ndoo zile zile, ila wapangaji wanalipa zaidi kwa sababu mita inawaona kama mteja mmoja mkubwa. Mwaka wa tatu wa jedwali letu, mwenye mita yake atalipa Sh 8,640, na kila familia ya wapangaji Sh 10,520. Daraja la chini liliwekwa kumlinda mwenye kipato kidogo, na nyumba za kupanga zinamtoa nje ya ulinzi huo. Ukipeleka hesabu hii kwa bili halisi za mtaa wenu, umepeleka kitu ambacho haiwezekani kukipuuza kirahisi.

La nne ni gati. Usiishie kwenye bei ambayo mamlaka inamuuzia msimamizi. Tafuta bei ya ndoo kwa mnunuzi. Ndoo ya Sh 40 ni Sh 2,000 kwa uniti. Kama msimamizi ananunua kwa 1,500, amebakiwa na Sh 500 kwa kila ndoo 50, na humo ndimo anajilipa. Bei ya kumuuzia ikipanda na ya ndoo ikabaki palepale, gati litafungwa au ndoo itauzwa kwa bei isiyo rasmi. Vyote viwili vinamuumiza asiye na bomba, ambaye tayari analipa zaidi kwa lita kuliko mwenye bomba sebuleni. Na huyo asiye na bomba hapati bili, kwa hiyo jina lake halimo kwenye orodha ya wateja. Msimweke pembeni.

Mwisho, angalia tozo nyingine zilizo chini ya jedwali kwa maandishi madogo: kuunganishiwa maji, kurudishiwa huduma baada ya kukatiwa, majitaka. Majitaka hukokotolewa kutokana na maji uliyotumia, hivyo ongezeko linaweza kukugusa mara mbili.

Hatua ya 5: Tafuta sababu waliyotoa, kisha ipime

Ombi litataja gharama za umeme, dawa za kutibu maji, mishahara, marejesho ya mikopo, upanuzi wa mtandao. Omba kuliona ombi lenyewe, maana tangazo ni muhtasari tu. Usitegemee Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 peke yake, kwani inampa mwenye taarifa hadi siku 30 kujibu, na muda wa maoni unaweza kuisha kabla. Nenda ofisini ana kwa ana, na barua mkononi.

Kisha fungua ripoti ya kila mwaka ya EWURA kuhusu utendaji wa mamlaka za maji. Ripoti hii ndiyo silaha bora ya mwananchi na haina gharama. Tafuta jina la mamlaka yenu, soma upotevu wa maji, saa za huduma kwa siku na makusanyo. Kiwango cha upotevu ambacho EWURA inakikubali hakizidi asilimia 20. Tuseme wenu ni 40: katika kila uniti 100 zilizozalishwa, 60 tu ndizo zinalipiwa. Wakishusha hadi 20 watauza 80, theluthi moja zaidi, kwa umeme na dawa zile zile.

Jiandae kwa jibu lao: upotevu si mabomba yaliyopasuka pekee, umo wizi na mita chakavu zinazosoma pungufu, na kubadilisha mabomba kunahitaji fedha. Ni jibu la haki. Basi uliza swali linalofuata: katika ongezeko hili, kiasi gani kinakwenda kwenye mabomba na mita, katika kata zipi, na upotevu utakuwa asilimia ngapi kila mwaka?

Hatua ya 6: Andika

Ukurasa mmoja, mbili zikizidi. Hoja moja kila aya, na kila hoja imalizike na ombi. Maagizo ya bei ya EWURA huja na masharti ambayo mamlaka lazima iyatimize, kwa hiyo omba masharti. "Maisha ni magumu" ni kweli tupu, lakini bodi haiwezi kuligeuza kuwa sharti. Mfano:

YAH: MAONI KUHUSU OMBI LA KUREKEBISHA BEI ZA MAJI

*Sisi wakazi wa Mtaa wa ______ tunahudumiwa na ______. Nyumba ____ za mtaa wetu zina mita moja kwa zaidi ya familia moja. Nakala za bili zimeambatishwa. Tunaomba daraja la kwanza kwa nyumba hizo lihesabiwe kwa idadi ya familia, au mamlaka iwekewe sharti la kufunga mita ndogo ifikapo ______.*

*Upotevu wa maji kwa mujibu wa ripoti ya EWURA ni asilimia ____. Tunaomba bei ya mwaka wa pili na wa tatu isianze kutumika mpaka upotevu ufike asilimia ____.*

*Tunaomba bei ya ndoo kwenye magati isizidi Sh ____ na ibandikwe kwenye kila gati.*

Ijadilini kwenye mkutano wa mtaa, ipigwe muhuri wa serikali ya mtaa, iambatane na mahudhurio. Barua moja ya aina hiyo naiamini kuliko mamia ya ujumbe wa simu ulionakiliwa. Peleka nakala Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC), ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji na lina kamati mikoani. Na hakikisha nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 7: Mkutano wa taftishi

Nenda mapema ujiandikishe kuzungumza. Mamlaka itawasilisha ombi, mabaraza ya ushauri yatatoa maoni, ndipo wananchi. Dakika utakazopewa ni chache: taja mtaa, toa hesabu moja, toa ombi moja, keti. Mengine yako kwenye barua. Gawaneni hoja na majirani ili zisirudiwe, na angalau mmoja awe mama wa gati.

Hatua ya 8: Baada ya uamuzi

Bodi ikishaamua, agizo la bei huchapishwa. Litafute, soma masharti kabla ya bei, na uyabandike ofisi ya mtaa pamoja na tarehe zake. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Muda wa rufaa ni mfupi, hivyo muone msaidizi wa kisheria wiki ile ile. Na bili ya kwanza ikija, ikokotoe upya kwa daftari lile lile. Ikipishana na agizo, lalamika kwa maandishi kwa mamlaka ya maji, tunza nakala, na wasipokutatulia lipeleke EWURA likiwa na bili, agizo na barua yako ya kwanza.