Kuifanya draiva ya kadi ya grafiki ionyeshe joto kwenye Linux

Natengeneza kompyuta Dar es Salaam, na joto la Februari huku haliihurumii kadi yoyote. Draiva isiyotoa halijoto siiachi ilivyo. Kwenye Linux pitia hwmon, sehemu ya kernel (kiini cha Linux) inayotoa vipimo vya joto na feni, usibuni faili lako la pembeni, maana amri ya sensors na programu nyingi za kufuatilia joto hutazama hapo.

Kwanza tazama draiva inayoifanya kazi hiyo vizuri. Kama una kadi ya AMD:

cat /sys/class/drm/card*/device/hwmon/hwmon*/temp1_input

Ikitoka 47000, ni nyuzijoto 47 za Selsiasi. Hwmon hutumia elfu ya nyuzi. Nimepitia card kwa sababu namba ya hwmon yaweza kubadilika ukiwasha mashine upya. Faili la temp1_label litakwambia "edge", yaani ukingo wa chipu. Kadi mpya zaidi zina pia "junction", pale chipu inapochemka kuliko kwingine kote, na ndiyo ninayoiangalia zaidi.

Sasa draiva ya kwako. Tangaza chaneli, yaani vipimo utakavyovitoa:

HWMON_CHANNEL_INFO(temp, HWMON_T_INPUT | HWMON_T_LABEL)

Andika funksheni tatu: is_visible irudishe 0444 (ruhusa ya kusoma tu), read isome rejista (sehemu ndani ya kadi inayoshika namba ya joto), read_string itoe lebo. Viunganishe kwenye hwmon_chip_info, kisha ndani ya probe, funksheni inayoitwa draiva inapoikuta kadi, sajili kwa devm_hwmon_device_register_with_info. Jina lisiwe na nafasi wala kistari.

Penye hatari ni read. Rejista ikitoa nyuzi kamili, zidisha kwa 1000. Usomaji ukishindikana, rudisha -EIO (kosa la kusoma au kuandika), wala usithubutu kurudisha sifuri. Sifuri ni halijoto halali. Programu inayoendesha feni itaiamini na kupunguza kasi huku chipu inaungua.

Kuna pia kadi iliyolala, hasa kwenye laptop zenye kadi mbili. Ukiiamsha kila sekunde ili kuipima tu, unakula betri ya mtu. Ukiisoma ikiwa imezimwa umeme, rejista hujaa F tupu. Uliza pm_runtime_get_if_active, inayoishikilia kadi ikiwa macho tu: ikijibu 0, rudisha kosa uondoke, ikijibu 1, soma, halafu usisahau kuiachilia kwa pm_runtime_put, la sivyo kadi haitalala tena.

Pakia moduli, fungua watch -n1 sensors, na kwenye dirisha jingine endesha glmark2, programu ya kuipa kadi mzigo wa michoro. Namba ipande, na ukisimamisha mzigo ishuke taratibu. Ikiganda palepale, rejista unayoisoma siyo yenyewe.