Ajenti anayetafutia viwanda vibarua akikuambia "pitia tuongee kidogo"

Huo ndio usaili wenyewe. Kwa kazi za muda za ghala na viwanda kule Viwandani au Mombasa Road jijini Nairobi, mara nyingi ni dakika chache tu, pengine mmesimama langoni watu watano kwa pamoja. Swali la kwanza ni kama unaweza kuanza kesho. La pili, unaishi wapi, maana shifti ya usiku ikiisha saa tisa matatu ni chache na ajenti hataki nafasi ya mtu ibaki wazi asubuhi. Ukijibu "naweza kazi yoyote", humpi cha kuandika. Taja kazi yenyewe: kupakia, kubandika lebo, kuhesabu stoki, na katoni ngapi kwa siku.

Beba kitambulisho halisi na nakala mbili, PIN ya KRA (ya kodi), namba za NSSF (hifadhi ya jamii) na SHA (bima ya afya). Laini ya M-Pesa iwe kwa jina lako, la sivyo malipo yanaweza kukwama. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Wengine hupelekwa kazini papo hapo.

Nawe uliza: nani analipa, ajenti au kiwanda? Kwa siku au kwa wiki? Kiasi hicho ni kabla ya makato au baada? (Hapa ndipo wengi huumia.) Andika kila siku uliyofanya kazi: kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaweza kumgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima kuwa mwajiriwa wa mwezi. Ukidaiwa pesa ya "fomu" kwanza, ondoka.