Taa moja, swichi mbili: kufunga tuwei kwenye ngazi

Nyumba ya ghorofa isiyo na swichi za tuwei, yaani mbili zinazowasha na kuzima taa moja kutoka sehemu mbili, utaijua usiku. Unawasha taa ya ngazi ukiwa chini, unapanda, na ukifika juu una mawili: uiache iwake hadi asubuhi ikila uniti za Luku, au ushuke kuizima halafu upande tena ukipapasa ukuta. Chumbani ni vilevile, swichi iko mlangoni na kitanda kiko kona ya pili.

Kazi yenyewe si ngumu. Ila nimeitwa kurekebisha tuwei za wenzangu mara nyingi, na malalamiko karibu yote hufanana: "Fundi, ya juu haiwashi mpaka ya chini iwe imewashwa." Hapo hata sijafika najua kosa liko wapi. Tutalifikia.

Kisheria kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA, mamlaka zinazosimamia nishati. Naandika kwa vijana wanaojifunza kazi, na kwa mwenye nyumba anayetaka kujua anafungiwa nini.

Hatua ya 1: Vifaa

Swichi mbili za tuwei. Zigeuze nyuma ukiwa bado dukani: swichi ya kawaida ina terminali (sehemu za kufungia waya) mbili, tuwei ina tatu. Kwa mbele huwezi kuzitofautisha. Waya wa 1.5 mm² unatosha kwa taa, na breka yake, ile inayokata umeme ukizidi, iwe ya ampea 6 au 10. Mengine unayajua: maltimita, bisibisi, plaizi, tepu.

Hatua ya 2: Zima meni (swichi kuu ya nyumba), si breka ya taa peke yake

Hapa nina kovu langu. Kuna nyumba niliitwa kubadilisha taa ya ngazi. Nikazima breka ya taa za juu, nikapima waya wa moto, ule unaoleta umeme, kwenye boksi la juu, umekufa. Nikafungua fundo la nyutro, waya unaorudisha umeme, nikarushwa, nusura nianguke na ngazi yangu. Fundi aliyetangulia alikuwa amechukua moto wa taa ya ngazi kutoka saketi ya chini, yenye breka yake nyingine, nyutro akaiazima saketi ya juu kwa sababu ilikuwa karibu. Moto wa chini ulikuwa hai, unapita kwenye taa na kurudi kwa ile nyutro. Nilipoikata, ncha inayotoka kwenye taa ikawa na umeme kamili, na mimi ndiye niliyeishika.

Kwa hiyo zima meni. Ila kabla hujazima, jaribu kipimo chako kwenye kitu unachojua kina umeme; ukishazima, pima unapofanyia kazi, na ukiweza kijaribu tena baadaye. Testa ya bisibisi yenye kitaa isikuhakikishie kwamba waya umekufa. Na unapofunga wewe, moto na nyutro ya taa vitoke saketi moja.

Hatua ya 3: Itafute COM

Terminali tatu za tuwei ni COM, L1 na L2. COM ndiyo mlango. Swichi kazi yake ni kuupeleka huo mlango ama L1 ama L2. Usidhani COM lazima iwe ya katikati, kila kiwanda kina mpangilio wake, na kuna swichi ambazo maandishi yamefutika.

Weka maltimita kwenye alama ya mlio. Gusa terminali mbili, bonyeza swichi huku na huku, usikilize. Jozi isiyolia upande wowote ni L1 na L2. Iliyobaki ndiyo COM. Izungushie alama ya kalamu. Fanya hivyo kwa swichi zote mbili.

Hatua ya 4: Unganisha

Moto kutoka kwenye breka unaingia COM ya swichi ya chini. Kutoka L1 na L2 za swichi ya chini vuta nyaya mbili hadi L1 na L2 za swichi ya juu. Hizi mimi naziita mapacha. Mapacha hata ukiwapishanisha, L1 ikaenda L2, taa itafanya kazi. COM ya swichi ya juu inakwenda kwenye taa. Nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye taa, haigusi swichi hata moja. Ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, ifike kwenye taa na kwenye boksi au kava lolote la chuma.

Ukitumia waya wa bluu au mweusi kama pacha, uzungushie tepu nyekundu au ya kahawia ncha zote mbili. Fundi atakayekuja baada yako ataona bluu na kudhani ni nyutro.

Kuna ujanja wa zamani wa kupeleka moto na nyutro kwenye kila swichi ili kuokoa waya. Taa inawaka vizuri tu, lakini inaweza kuzimwa huku holda ina moto pande zote mbili. Mtu anabadilisha balbu akiamini amezima. Usiufanye.

Hatua ya 5: Jaribu mara nne

Washa meni. Jaribu chini, jaribu juu, chini tena, juu tena. Kila ukibonyeza, popote ulipo, taa ibadilike. Kama swichi moja inafanya kazi pale tu nyingine ikiwa upande fulani, ndiyo yale malalamiko ya mwanzo: pacha mmoja ameingia kwenye COM. Zima meni, rudi hatua ya 3.

Balbu ya LED ikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, usikimbilie kufungua ukuta. Pacha mmoja huwa na moto muda wote na wamelala pamoja kwenye paipu, hivyo umeme kidogo unavuja kwa mwenzake. Jaribu kwanza balbu ya aina nyingine.

Na mteja akikupigia kesho kwamba swichi umeifunga kichwa chini, maana leo inawaka ikiwa juu na jana iliwaka ikiwa chini, mwambie apande ngazi abonyeze ile nyingine, kisha arudi aitazame tena.