Gari Limeanguka kwa Moshi? Soma Karatasi Kabla ya Kununua Masega

Ughaibuni gari likikataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya moshi, presha inapanda, maana bila gari kazini hufiki. Ndiyo maana wengi wetu tunakubali jibu la kwanza la gereji: "Masega yamekufa, weka mapya," yaani kile kifaa kwenye bomba la moshi kinachosafisha gesi chafu (catalytic converter). Mimi nilikubali. Hayo mapya yakaungua ndani ya miezi michache, kwa sababu injini ilikuwa inamisi, yaani inaruka mlipuko, na petroli isiyoungua ilikuwa ikienda kuwakia humo kwenye masega. Kumbe kilichotakiwa ni plagi na koili moja, ile inayoipa plagi umeme.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na karatasi ya vipimo uliyopewa kwenye ukaguzi. Kwa gari la petroli, CO (gesi ya kaboni monoksidi) ikiwa juu maana yake injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba, sensa ya oksijeni imechoka, au nozeli inavuja. HC (hidrokaboni) ikiwa juu, mafuta yanatoka bila kuungua, na mara nyingi chanzo ni plagi au koili. Halafu kuna lambda, uwiano wa hewa na mafuta, inayotakiwa kuwa karibu na 1. Uingereza kwa kawaida inaruhusu kati ya 0.97 na 1.03. Ikizidi hapo, kagua maungio ya bomba la moshi, kwa kuwa hata tundu dogo huingiza hewa na kuidanganya sensa. Lambda ikiwa sawa na injini imetulia, lakini CO na HC bado ziko juu, hapo sasa yashuku masega.

Fungua plagi uziangalie kwa macho yako. Ncha yenye rangi ya kahawia iliyopauka ni nzuri. Masizi makavu yanayobaki kidoleni yanakuambia mafuta yamezidi. Ikiwa imelowa oili, injini inakula oili, na hakuna dawa ya kumimina kwenye tangi itakayoponya hilo.

Taa ya injini ikiwaka, usiifute asubuhi ya ukaguzi. Ukifuta, kompyuta ya gari inapoteza pia majaribio yake ya ndani, na pale wanapoisoma wataona hayajakamilika. Tengeneza tatizo, futa, kisha endesha siku kadhaa, mjini na barabara kuu.

Siku yenyewe ya ukaguzi, jambo kubwa ni joto la injini na masega. Masega hayafanyi kazi vizuri mpaka yafike nyuzi 300 za Selsiasi hivi, na safari fupi za kwenda dukani kwenye baridi haziyafikishi huko. Safari hizo hizo huchanganya petroli kwenye oili, na mvuke wake hurudi kuchomwa kwenye injini, kwa hiyo oili ya zamani ibadilishe mapema. Endesha dakika 20 hadi 30 barabara ya kasi, nenda moja kwa moja, na umwombe mkaguzi kwa heshima aanze na moshi kabla ya breki na taa. Dizeli nayo hufaidika na safari hiyo, kwani ndiyo inayochoma masizi kwenye filta yake.

Fundi akikushauri uyakate masega uweke bomba tupu, kataa. Gari lililotoka na masega kiwandani litaanguka kwa hilo peke yake. Na kama ni lazima ununue mapya, hakikisha namba ya kuidhinishwa imegongwa kwenye chuma na inalingana na injini yako, kisha tunza risiti pamoja na ile karatasi ya kwanza.