SOMO: Kupima aseniki, risasi na zebaki kwenye maji ya kisima

Wakuu, swali hili linarudi kila mara, hasa kutoka Geita na maeneo ya wachimbaji. Mwamba wa dhahabu mara nyingi una aseniki, na aseniki haina rangi, harufu wala ladha. Jicho halitakusaidia.

1. Piga simu maabara kwanza, utaje metali unazotaka zipimwe. Ukisema "nipimieni maji" tu, huenda ukapimiwa vijidudu na chumvi.

2. Chupa chukua kwao. Ya soda hapana.

3. Pampu mpaka maji yaliyolala kwenye bomba yatoke yote.

4. Asidi. Hapa ndipo sampuli nyingi zinaharibika. Maji mengi ya chini yana chuma kilichoyeyuka. Yakikutana na hewa, chuma kinageuka kutu, kinatuama chini ya chupa na kuibeba aseniki. Maabara wakipima maji ya juu, jibu linatoka zuri na familia inaendelea kunywa sumu. Kwa hiyo asidi ya nitriki iwekwe palepale kisimani, pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) ishuke chini ya 2. Maabara wakikupa chupa yenye asidi tayari, USIISUUZE na usiijaze hadi ifurike. Vaa glavu na miwani. Asidi ya betri marufuku: iliyotoka kwenye betri ina risasi. Zebaki ina chupa yake, waulize.

5. Chupa ibandike lebo, iweke kwenye barafu, safiri nayo maabara.

Viwango vya WHO kwa lita: aseniki mg 0.01, risasi 0.01, zebaki 0.006, kadmiamu (metali nyingine yenye sumu) 0.003.

MASWALI

Mkuu ndefu sana, nikichemsha si inatosha?
Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu. Metali zinabaki, na maji yakipungua zinakolea. Rudi usome namba 4.

Nikichota alfajiri kabla ya mtu kupampu?
Swali zuri sana. Maji ya kwanza yanaonyesha risasi ya mabomba na viungio, ya baada ya kupampu yanaonyesha mwamba. Chukua yote mawili, kila chupa na lebo yake. Risasi ikionekana kwenye ya kwanza tu, badilisha bomba, kisima chenyewe hakina haja ya kuguswa.

Huku Arusha watoto wana meno ya kahawia. Ni risasi?
Pole ndugu yangu. Hiyo kwa kawaida ni floraidi, madini ya asili yaliyoyeyuka kwenye maji, na haimo kwenye kipimo cha metali, itaje yenyewe. Chupa yake haitiwi asidi. Kikomo ni mg 1.5 kwa lita. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa kwa mkaa wa mifupa, waulizeni. Kwa sasa wadogo wapewe maji ya mvua, na uji wao upikiwe hayo hayo.

Nyongeza: barafu ikiyeyuka inafuta lebo.
Kweli. Andika kwa penseli, kisha chupa itie kwenye mfuko wa plastiki ufunge.